Soko Lililokimbiwa na Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mahindi, na hayakuwa ya kula. Bwana Afisa Biashara wa wilaya, mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, alifungua droo ya meza yake, akachota konzi moja ya punje, akanimwagia kwenye mfuko wa kulia wa suruali.

"Nenda ukasimame lango la soko," akaniambia. "Kila anayeingia, hamisha punje moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mtoto wa mgongoni usimhesabu, hanunui kitu. Saa saba uniletee idadi."

Nilisimama tangu saa mbili asubuhi. Saa saba nikampelekea idadi yake nikiwa na majivuno ya mtu aliyemaliza kazi. Hakuitazama karatasi.

"Na waliotoka?"

"Sikuambiwa waliotoka, mzee."

"Basi umeniletea nusu ya habari. Wengi wa hao walikuwa wanakata njia kwenda stendi. Kesho hesabu wanaoingia, kisha hesabu wanaotoka, na hao wanaotoka uwatazame mikono. Mwenye mzigo, punje yake iende mfuko wa nyuma. Idadi mbili zikipishana sana, ujue kuna mtu kalala sokoni, au wewe ndiye uliyelala."

Sisi tuliiita hesabu ya punje. Ninyi mnaoshika kazi hii leo mna simu zenye kila kitu, na sisemi njia zetu zilikuwa bora. Ila njia ile ilikuwa na uzuri mmoja: anayehesabiwa hajui kwamba anahesabiwa, kwa hiyo hajifanyi mtu mwingine. Ubaya wake ni kwamba ukianika suruali uani bila kukagua mifuko, kuku wanakula takwimu za halmashauri. Ilinitokea mara mbili.

Kazi ile ilinikaa kwa sababu nilikuwa nahesabu kabla sijaajiriwa. Nilizaliwa Kikuyu, Dodoma mjini, katika nyumba ya watu wa biashara ndogo ndogo. Babu wa babu yangu alifika huku bara na misafara, na nyumbani ilisemwa kwamba msafara ulimwacha kwa sababu wenzake walipokuwa wanajitwika mizigo yeye bado alikuwa anabishania bei ya mbuzi. Mama yangu aliuza karanga kituo cha reli. Yeye ndiye aliyenifundisha kumtazama mnunuzi usoni kabla ya kumtajia bei. Somo hilo lilinisaidia kuliko cheti cha chuo, ingawa cheti ndicho kilichonipatia meza.

Wakati naanza, afisa biashara alikuwa nusu polisi. Kila bidhaa ilikuwa na bei ya serikali, orodha ndefu iliyobandikwa ukutani, na sisi tulipita madukani kutafuta sukari iliyofichwa chini ya vitanda. Kisha zikaja siku za ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Watu niliokuwa nawaandika majina kwa kuuza sabuni bila kibali, baada ya miezi michache nikatumwa kwenda kuwatafuta walewale, niwabembeleze wakate leseni na wauze zaidi. Mmoja wao, muuza vitenge wa mtaa wa nyuma, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Bwana Afisa, ni wewe yuleyule au una pacha?"

Nikamwambia pacha wangu amestaafu jana.

Kituo changu cha pili kilikuwa Mpwapwa, kwa cheo cha Msimamizi wa Minada. Mnada wa huku kwetu ni soko la mifugo linalokaa mahali siku moja kwa mwezi kisha linahamia kwingine, na nyuma ya mifugo hufuata nguo, chumvi, sufuria, dawa za ng'ombe na moshi wa nyama ya kuchoma. Mkubwa wangu alikuwa Afisa Mifugo, mama mmoja mpole wa kusema na mkali wa kutazama. Mnada wa kwanza nilisimama lango la ng'ombe na punje zangu. Akanishika mkono ukiwa bado mfukoni.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu ng'ombe, mama."

"Toa mkono. Wazee wafugaji wa huku hawataki ng'ombe wao wahesabiwe. Kwao kundi likishatajwa idadi linaanza kupungua. Ukitaka kujua, subiri wauzwe, kisha uhesabu vibali vya kusafirisha."

"Na wasiouzwa?"

"Hao walikuja kutembea."

Mama huyo alinifundisha jambo jingine ambalo halikuwamo katika vitabu vya chuo. Ng'ombe aliyeswagwa njia ndefu haonyeshwi kwa mnunuzi mpaka anywe maji na apumzike, la sivyo mbavu zinahesabika na bei inaanguka. Kwa hiyo mnada haukai pale afisa anapotaka. Unakaa palipo na maji, na nafasi ya kungojea. Nililiandika katika daftari, nikapiga mstari chini yake, nikalisahau kwa miaka minne.

Hapo ndipo nikahamishiwa Ngolongwe, ukingoni mwa bwawa la Mtera.

Ngolongwe ulikuwa mji uliozaliwa na bwawa. Wakati wa ujenzi mafundi walilala pale, walikunywa pale, walioa pale. Maji yalipojaa wakaja wavuvi na wachuuzi wa samaki. Palikuwa na nyumba ya wageni yenye ghorofa na ukumbi wa muziki wenye taa za rangi. Nilipofika mimi mji ulikuwa umezeeka kabla ya umri wake. Ujenzi ulikwisha zamani, mafundi waliondoka na baadhi ya wake za watu, na ukumbi wa muziki ulikuwa ghala la magunia matupu. Niliyahesabu maduka ya barabara kuu yakawa thelathini na moja, na yaliyo wazi tisa. Kesho yake nikahesabu tena, yaliyo wazi yakawa manane. Lile la tisa lilikuwa limefunguliwa lifagiliwe tu.

Halmashauri ikaamua kuufufua mji. Ndilo neno lililoandikwa katika muhtasari wa kikao, kuufufua. Mkurugenzi Mtendaji, ndiye mkuu wa watumishi wote wa halmashauri, alikuwa mtu wa kuamua haraka na kutembea haraka zaidi. Aliniambia tukiwa tunatembea, mimi nikiwa nyuma hatua tatu.

"Nataka soko la samaki, la kisasa. Paa la bati, sakafu ya saruji, vizimba vya kuuzia. Malori ya Dodoma na Iringa yaje hapa. Wewe nitafutie kiwanja karibu na maji."

Kiwanja karibu na maji, kilichoinuka vizuri, penye barabara, kilikuwa kimoja tu, na juu yake palikuwa na mgahawa wa Bi Zuhura. Huyu alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa Mpwapwa, wa watu wa biashara kama sisi. Alifika Ngolongwe na karai moja na ndoo ya unga, akajenga kibanda cha miti na udongo, akawa analisha mji mzima perege wa kukaanga na ugali. Sheria iliniruhusu kumwandikia barua ya siku thelathini ahame. Nilijiona mwerevu kuliko sheria, nikaenda kupatana naye.

"Kwa hiyo, Bwana Soko, unataka nivunje mlango wangu unipe namba?"

"Namba moja, Bi Zuhura. Kizimba cha mbele kabisa, kila anayeingia anakuona."

"Namba hailiwi."

"Lakini paa lake halivuji. Hili lako masika haya limeninyeshea kwenye mchuzi."

"Ukalalamika? Si uliongezewa mchuzi?"

Tulikwenda hivyo siku mbili. Alitaka kizimba namba moja kiwe na jiko ndani, nikakubali. Alitaka ukuta wa jiko uwe wa tofali za kuchoma, nikakubali. Mwisho akaniuliza, "Na soko likikosa watu?"

"Utakuja kukaa kwenye meza yangu ofisini."

"Meza yako inapikika?"

Alivunja kibanda chake kwa mikono yake, mti mmoja mmoja, akaipanga miti pembeni. Nilijipongeza. Kiwanja kilipatikana bila barua, bila polisi, bila diwani kupiga kelele.

Kisha nikapima umbali wa maji. Ulikuwa mwezi wa tano, mvua zimetoka kukatika, bwawa limejaa mpaka miguuni mwa mji. Jumatatu nilihesabu hatua mia moja na arobaini kutoka kigingi cha soko mpaka maji yalipo. Jumanne nikahesabu tena, mia moja na arobaini. Nilikuwa narudi na daftari langu nilipokutana na Mzee Ndahani anaswaga ng'ombe wake. Alikuwa mmoja wa wazee wa Kigogo wenye mifugo katika vijiji vya nyuma ya vilima, mrefu, na fimbo iliyong'aa kwa kushikwa.

"Mbukwenyi," akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapima nini?"

"Napima maji yalivyo karibu na soko."

"Leo?"

"Leo na jana, mzee. Mimi hupima mara mbili."

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu kabisa, akapiga mluzi, ng'ombe wakaondoka naye. Nilidhani ni maneno ya njiani tu ya mtu mzima. Mimi mtoto wa muuza karanga, niliyejifunza kusoma nyuso kabla ya herufi, uso ule sikuusoma.

Soko likajengwa. Mabati yalikuwa mia mbili na arobaini, niliyahesabu chini na nikayahesabu yakiwa juu. Nikapaka mwenyewe ukutani kwa rangi nyekundu: MIFUGO HAIRUHUSIWI. Kwa miezi michache ya mwanzo malori yalikuja kweli. Lakini maji yalikuwa yameshaanza safari yake ya kila mwaka, na mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, yakaenda mbali zaidi. Mwezi wa kumi nilitoka na daftari nikatembea kutoka soko mpaka maji. Hatua elfu mbili mia sita na kumi na nne. Kurudi zilikuwa chache kidogo. Nilikuwa na hasira, nikatembea kwa hatua kubwa.

Wavuvi walihamisha kambi zao, wakayafuata maji. Akina mama wachuuzi wakayafuata pia, wakatandika mikeka huko huko kwenye tope lililokauka, na malori yakatafuta njia ya kuwafikia. Sokoni walibaki mbuzi, ambao hawajui kusoma ukuta, na Bi Zuhura katika kizimba namba moja.

Nilimwambia awafuate wenzake.

"Jiko langu la tofali nitalibeba kichwani?" akanijibu. "Nilipewa namba moja, nitakaa namba moja."

Siku moja niliona amekaanga samaki wawili tu tangu asubuhi. Mmoja alikula mwenyewe, wa pili akaniuzia mimi. Alitaja bei, nikalipa. Katika maisha yangu yote ndiyo mara ya kwanza nililipa bei ya kwanza niliyotajiwa.

Mkurugenzi akaja. Alitembea sokoni kutoka mwanzo mpaka mwisho, viatu vikilia kwenye saruji tupu, akainua macho kutazama paa.

"Tarafa ya pili wanataka soko la nafaka," akasema. "Kuta wanazo, mabati hawana. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili fundi atakuja kuyavua haya."

"Tungoje masika, mheshimiwa. Maji yatarudi."

"Yatarudi, kisha yataondoka tena. Bwana Soko, nani alipima kiwanja hiki?"

"Mimi. Nilipima mara mbili."

"Mara mbili lini?"

Nikampa daftari. Alijua kusoma, na tarehe zilikuwamo. Nilihesabu mara mbili, lakini mara zote mbili katika wiki moja ya mwezi wa tano. Mzee Ndahani alikuwa ameniuliza swali zima la kitaalamu kwa neno moja, nami nikampita.

Bi Zuhura alisikia yote, ameinama kwenye jiko lake. Paa likivuliwa, kizimba namba moja ni ukuta tu, na kibanda chake cha zamani kilikuwa kimeshakuwa kuni. Hakunilaumu. Alikuwa anasugua karai safi, akaendelea kulisugua.

Nilikuwa na miezi miwili na kidogo. Kesho yake nilikaa pale kwake tangu asubuhi, sina la kufanya, ndipo nikayaona makundi. Lilipita la kwanza, likapita la pili, ng'ombe wanashuka kuelekea bwawani, wafugaji wawili watatu nyuma yao. Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe. Mpaka saa nne yalikuwa yamepita makundi kumi na tisa.

"Hawa hupita hapa kila siku?"

"Tangu maji yaondoke," Bi Zuhura akasema. "Maji yakienda, majani mabichi yanaota kwenye tope. Wanashinda huko chini na njaa yao, alasiri wanarudi na njaa yao."

"Kwa nini hawaingii kula?"

Akanionyesha ukuta kwa mwiko. "Si umewaandikia mwenyewe?"

Alasiri nikahesabu wanaorudi, kumi na tisa. Nikakumbuka ule mstari niliopiga daftarini Mpwapwa. Maji pale chini, mahali pa kungojea pale pale, barabara ya malori mlangoni. Nilikuwa nimejenga kiwanja cha mnada nikakiita soko la samaki.

Asubuhi yake nikaenda nyumbani kwa Mzee Ndahani kwa miguu. Nilimkuta anakagua kwato za ndama. Nilimsalimu, nikaulizwa habari za nyumbani, za kazi, za mvua, nikajibu zote, na sikukimbilia shida yangu. Nilipoisema, kwamba nataka mnada wa mifugo pale sokoni, alimaliza ukwato mmoja akashika mwingine.

"Yale maandishi mekundu," akasema, "nasikia yanatukataza."

"Yatafutwa leo, mzee."

"Siku iwe ya nne baada ya mnada wa Mpwapwa. Wanunuzi wakitoka kule waje huku, wasikate tamaa njiani."

"Nakubali. Mimi nilitaka siku ya tatu."

"Ya nne. Ng'ombe hawana baiskeli."

"Ya nne, mzee."

"Na hizo mbegu zako za mfukoni ziache kwa mkeo."

Nilishtuka. "Umejuaje, mzee?"

"Mwanangu, mtu mzima anatia mkono mfukoni kila kundi linapopita. Ama anahesabu, ama anajikuna. Nilikuombea iwe la pili." Wazee wawili waliokuwa kando wakacheka naye mpaka mmoja akajifuta macho. Kisha Mzee Ndahani akaacha kucheka. "Ng'ombe wetu hawahesabiwi, wala wenyewe hatuhesabiwi langoni kama magunia. Ukihesabu, hatuji tena."

Nikatoa ahadi. Nikarudi ofisini nikaandika dokezo, ndiyo karatasi ya ndani inayopanda kwa mkubwa kuomba uamuzi, kuomba mnada wa majaribio. Lilirudi na neno moja la Mkurugenzi kwa wino mwekundu, na chini yake maneno mengine mengi kidogo: "Jaribu. Lakini bila takwimu za watu, mabati yanatoka."

Fikirieni hali yangu. Kwa upande mmoja mzee anasema nikihesabu hawaji, kwa upande mwingine mkubwa anasema nisipohesabu paa linaondoka. Na mimi, tangu siku ya mahindi, kazi yangu ilikuwa moja tu.

Siku ya mnada niliacha punje nyumbani kweli. Nilihisi kama nimetoka bila suruali. Makundi yalikuja kutoka pande ambazo sikujua zina watu. Ng'ombe walishushwa kwenye maji, wakanywa, wakarudishwa taratibu, wakalala nyuma ya soko. Wanunuzi wakafika na malori yao kutoka Mpwapwa, kisha wauza vitenge na sufuria, na kina mama wa samaki wakapanda kutoka bwawani na beseni kichwani kwa sababu watu walikuwa huku. Na kila aliyeuza, na kila aliyeshindwa kuuza, alikuwa na njaa. Kizimba namba moja kilifurika mpaka vizimba vya jirani.

Bi Zuhura alikuwa na sharti lake la zamani tangu mgahawa wa udongo: fimbo haiingii ndani. Alikuwa na sufuria tatu za mboga motoni, na sufuria hazijui kukwepa. "Fimbo nje, baba! Wewe kaka, fimbo nje! Umekuja kula au kunichapa?" Wanaume wazima walikuwa wanatii kama wanafunzi, wanaegemeza fimbo ukutani, wanaingia mikono mitupu. Wakimaliza, kila mmoja anachukua yake, hakosei.

Nilisimama nikautazama ukuta ule. Nikahesabu fimbo tangu kona ya kulia mpaka mlango, kisha kutoka mlango mpaka kona. Nilipogeuka, Mzee Ndahani alikuwa nyuma yangu.

"Unahesabu nini?"

"Kuni, mzee."

Akazitazama. Yake ilikuwamo, ya tatu kutoka mlangoni, ile inayong'aa. Akilini niliona makundi yanageuka na kwenda zake.

"Kuni?" akasema. Akafikiri. "Kuni ruksa."

Akaingia ndani kula.

Mkurugenzi alikuja mnada wa pili, wiki mbili kabla ya fundi wa mabati. Gari lake lilizuiwa na ng'ombe nusu kilomita kutoka sokoni, akaja kwa miguu, safari hii polepole kwa sababu hakukuwa na njia nyingine.

"Takwimu ziko wapi?"

"Saa sita kamili, mheshimiwa, fimbo mia moja na tisa."

"Fimbo ndiyo nini?"

Nikamweleza. Kila fimbo ina mtu wake, huyo mtu yupo ndani anakula, na hajui kwamba amehesabiwa. Akanitazama kama mtu anayeangalia cheki yenye saini ngeni, akatoka, akahesabu mwenyewe. Akarudi.

"Mia moja na saba."

"Wawili wametoka ulipokuwa unafika kwenye kona. Hesabu tena."

Ndiyo mara ya pekee nilimwona akicheka kazini. Akaagiza chakula. Nilimwachia amalize samaki wa kwanza, kisha tukaanza kazi.

"Tarafa ya pili nimewaahidi mabati mia na hamsini," akasema.

"Wape arobaini."

"Arobaini ni choo, si soko."

"Sitini. Ya nyuma kule, juu ya vizimba vya samaki. Hakuna aliyewahi kukaa kule isipokuwa mbuzi."

"Mia na ishirini."

"Mheshimiwa, unakula chini ya bati hilo hilo."

Tuliishia tisini, yote ya nyuma. Upande wa mbele ukabaki na paa lake, na jiko la tofali la kizimba namba moja likabaki likivuta moshi. Sehemu ya nyuma ikawa sakafu ya saruji inayotazama jua. Masika yalipopita, kina mama wa samaki wakagundua kwamba saruji isiyo na paa inakausha perege waliopasuliwa kwa siku mbili, wakati mkeka ulihitaji nne na mchanga juu. Wakahamia wote. Niliulizwa na kamati ya halmashauri kama huo nao ulikuwa mpango wangu. Nikasema hapana. Ningesema ndiyo wangenipandisha cheo, lakini Mkurugenzi alikuwa anasikiliza.

Nilifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo, katika vituo vitatu, chini ya wakurugenzi ambao wengine walitembea polepole. Wenzangu wengi walipunguzwa kazi katika miaka ile, mimi nikabaki. Katika kila kituo niliandika maelekezo yaleyale kwa waliokuja nyuma yangu: umbali wa maji upimwe mwezi wa tano na upimwe mwezi wa kumi, na kabla ya yote aulizwe mtu anayepita hapo na mifugo. Wengine walidhani ni ushamba. Mimi nilijua sehemu hiyo ya maelekezo ilimgharimu nani.

Maana sikuwahi kumwomba radhi Bi Zuhura. Katika hesabu zangu zote hilo ndilo lililobaki upande mmoja. Nilipatana naye vizuri mno, nikamtoa katika mlango wake kwa namba, na kama si majani ya kwenye tope, namba ile isingemfaa chochote. Kuokoa paa hakufuti jinsi nilivyolijenga. Hili nawaambia ninyi mnaojua kupatana: yule anayekuamini mpaka akavunja mwenyewe, huyo ndiye wa kumpimia mara ya tatu.

Nilistaafu. Magoti yakaanza kudai, nikanunua fimbo mnadani, baada ya mabishano ya haki. Mwaka uliofuata nikapanda basi mpaka Ngolongwe, siku ya mnada, nia yangu nimwambie Bi Zuhura maneno hayo niliyoyaandika hapa juu. Mji haukuwa mpya. Nyumba ya wageni bado ilikuwa na kioo kilichovunjika cha miaka ile. Lakini maduka ya barabara kuu niliyahesabu, na yaliyofungwa yalikuwa manne.

Kizimba namba moja kilijaa mpaka mlangoni. Bi Zuhura alikuwa amezeeka, amekaa kwenye kigoda kando ya mlango, wanawe wawili wa kike wakipika. Nikaanza, "Bi Zuhura, nimekuja kukwambia—"

"Fimbo nje, Bwana Soko."

Nikarudi nikaiegemeza ukutani pamoja na zingine. Alikuwa anaangalia ukuta ule, midomo inachezacheza, na nikaelewa anachofanya. Ndivyo alivyojua ugali wa kiasi gani upikwe.

"Hamsini na mbili," akamwitia binti yake. Kisha akaitazama ya mwisho, mpya, haijang'aa bado. "Hamsini na tatu. Huyu mwongezee mchuzi, ana malalamiko."

Akanigeukia. "Ngoja hapo nje kidogo. Meza zimejaa."

Nikangoja. Nilipokuwa nangoja nikazihesabu fimbo, kutoka kona mpaka mlango, na kutoka mlango mpaka kona. Hamsini na tatu. Hakukosea.